Jinsi ya Kushughulikia Malalamiko ya Unyanyasaji Kazini Bila Kumdhulumu Anayelalamika Wala Anayetuhumiwa

Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule anayeletewa malalamiko: afisa rasilimali watu, mkuu wa idara, kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, au mwenye biashara asiye na idara ya utumishi. Unahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake za kazi. Mtu huyu ndiye anayeamua, mara nyingi katika siku chache za mwanzo, kama ukweli utajulikana au utafukiwa. Akipuuza, aliyenyanyaswa huacha kazi kimya kimya na mnyanyasaji hubaki na cheo chake. Akihukumu kabla ya kusikiliza, anaweza kumvunjia mtu heshima na kumkatia riziki kwa jambo ambalo hakulitenda. Wapo wanaodhani kwamba kumlinda mmoja ni lazima kumtoe kafara mwingine, nami sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu utaratibu unaozuia dhuluma ya kwanza ndio huo huo unaozuia ya pili.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi, na inaukataza pale unapotokana na mambo iliyoyataja, yakiwamo jinsia, kabila, dini, ulemavu, ujauzito, hali ya ndoa na maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, yaani Tangazo la Serikali Na. 42, zinaongeza kwamba unyanyasaji wa kingono, au mwajiri kushindwa kumkinga mfanyakazi dhidi yake, unaweza kuwa sababu ya kutosha kumhesabu mfanyakazi aliyejiuzulu kuwa ameachishwa kazi na mwajiri wake. Unyanyasaji wa kingono ni kosa pia katika Kanuni ya Adhabu. Na pale mwenye mamlaka anapodai ngono ili atoe ajira, cheo au haki yoyote, hiyo ni rushwa ya ngono chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa zake kwa simu namba 113.

Kutokana na maelezo hayo utaona kwamba si kila kinachomuumiza mfanyakazi ni unyanyasaji. Msimamizi anayemwandikia mtunza stoo barua ya onyo kwa sababu hesabu za mwisho wa mwezi hazikulingana na leja hajamnyanyasa, hata kama barua hiyo imemliza. Lakini msimamizi huyo huyo akisema mbele ya wapakuaji mizigo kwamba "ninyi wanawake mkishapata mimba akili zote zinahama", ameshavuka mpaka, na ukweli kwamba hesabu zilikuwa na kasoro haumsafishi. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na kila moja lishughulikiwe kwa faili lake. Jiulize kila mara kama kilichosemwa au kutendwa kilihusu kazi iliyofanyika au kilihusu mtu alivyo.

Siku malalamiko yanapofika

Mpokee mlalamikaji mahali penye faragha, na umwulize kama angependa kusikilizwa na mtu wa jinsia yake. Mwambie wazi: "Nitaandika unavyosema; nikikosea nirekebishe." Usimwahidi siri ya moja kwa moja, maana hutaweza kuitunza: anayetuhumiwa ana haki ya kujua anatuhumiwa nini. Unachoweza kumwahidi ni kwamba habari itawafikia wale tu wanaohusika na uchunguzi, na kwamba hataadhibiwa kwa kulalamika, kwa kuwa sheria haikubali mfanyakazi kuachishwa kazi kwa sababu ametumia haki yake.

Maelezo yanayofaa ni yale yenye mwili. Sentensi kama "bosi ananisumbua sana" haimsaidii yeyote, si mlalamikaji wala mtuhumiwa. Msaidie afike kwenye maelezo ya namna hii: "Jumanne tarehe 14, saa kumi na moja na robo jioni, nikiwa napanga maboksi kwenye stoo ya dawa, alifunga mlango, akanishika kiuno, akasema mkataba wangu uko mikononi mwake. Nilimsukuma. Nilipotoka nilikutana na mama wa usafi, akaniuliza mbona nahema." Katika mistari hiyo michache kuna siku, saa, mahali, tendo, maneno yenyewe na mtu wa tatu wa kuulizwa. Tuhuma ya kweli hupata nguvu kwa namna hiyo, na tuhuma ya uongo hupata sehemu za kukaguliwa.

Maswali ya aina ya "ulivaa nini siku hiyo" au "mbona hukupiga kelele" yaachwe kabisa. Watu wengi wanaoshambuliwa hukaa kimya kwa kuogopa kupoteza kazi, na kuchelewa kusema si ushahidi wa uongo. Kinachofaa kuulizwa ni kama alimweleza mtu yeyote wakati huo, awe ndugu, rafiki au mwenzake wa zamu, na kama kuna meseji zozote.

Ushahidi ukusanywe mara moja. Picha za kamera za ulinzi hufutika zenyewe baada ya muda, kwa hiyo ziombwe siku hiyo hiyo kwa maandishi. Daftari la mahudhurio, ratiba za zamu na kitabu cha wageni getini vitolewe nakala kabla havijaguswa. Kuhusu WhatsApp, usiridhike na picha ya skrini iliyokatwa katikati. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, lakini uzito wake hutegemea jinsi ulivyotunzwa na kama haukubadilishwa. Basi mazungumzo yote yasomwe kwenye simu yenyewe, kuanzia juu hadi chini, na mwenye simu ashauriwe asifute chochote wala kuiuza simu hiyo.

Kumsikiliza anayetuhumiwa

Mpe tuhuma kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, zikiwa na tarehe na matendo. Barua inayosema "umekuwa na tabia zisizofaa kwa watumishi wa kike" haijibiki, na mtu asiyeweza kujibu hajasikilizwa. Kanuni za mwaka 2007 zinataka apewe muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida hautapungua saa 48, na aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Mwenyekiti wa kikao cha nidhamu awe kiongozi mwandamizi asiyehusika na tukio. Ikibidi mtuhumiwa akae pembeni wakati wa uchunguzi, asimamishwe kwa mshahara kamili, na barua ieleze kwamba hatua hiyo si adhabu. Kumhamisha mlalamikaji badala yake, kama inavyofanyika katika ofisi nyingi kwa kisingizio cha kumlinda, ni kumwadhibu kabla ya kikao.

Madai yake yachunguzwe kwa bidii ile ile. Akisema tarehe 14 alikuwa safarini Morogoro, tafuta fomu ya safari, risiti ya mafuta na dereva aliyempeleka. Ikithibitika kweli hakuwapo, mrudie mlalamikaji umwulize tena, kwa sababu mtu anaweza kukosea tarehe bila kusema uongo. Lakini kama tukio lenyewe linabadilika kila anapolieleza, na mashahidi aliowataja wanakana, hilo nalo liandikwe lilivyo, bila huruma ya kulificha.

Tuhuma isiyothibitika na tuhuma ya uongo

Kosa kubwa zaidi hufanyika hapa. Kikao kinaposhindwa kuthibitisha tuhuma, watu husema papo hapo kwamba aliyelalamika alikuwa mwongo, na wiki inayofuata anaandikiwa barua ya kujieleza. Hiyo ni dhuluma. Matendo haya hufanyika bila mashahidi, na kikao cha kazini huamua kwa kupima upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Mizani isipoinama, maana yake ni kwamba haikuinama, basi. Mtuhumiwa haadhibiwi, na mlalamikaji pia haadhibiwi.

Uongo ni tuhuma nyingine kabisa, yenye mzigo wake wa uthibitisho, na anayedai kwamba mwenzake alisema uongo ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba alijua anachosema si kweli. Ushahidi wa namna hiyo huwa na sura yake: meseji ambamo mlalamikaji alipanga na mwenzake namna ya kumwondoa mkuu wa kitengo, mazungumzo ya simu yaliyotengenezwa, au shahidi anayekiri kwamba alipewa fedha aseme aliyosema. Chuki ya zamani kati ya wawili hao haitoshi peke yake, wala barua ya onyo aliyopewa mlalamikaji wiki moja kabla, ingawa yote mawili ni mambo halali ya kuulizwa. Uongo wa makusudi ukithibitika, fungua shauri jipya la nidhamu, na mlalamikaji wa jana apewe saa zile zile 48, mwakilishi wake na mwenyekiti asiyehusika. Kumpa mtumishi wa umma, kama askari polisi, taarifa ambayo mtu anajua ni ya uongo ili mwingine adhurike ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na aliyechafuliwa jina anaweza kudai fidia ya kashfa mahakamani.

Tuhuma zinazorushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya ofisi au mitandaoni huharibu kila kitu: mashahidi huanza kukumbuka walichosoma badala ya walichoona. Kataza jambo hilo kwa pande zote mbili kwa maandishi siku ya kwanza, lakini usilitumie kumzuia mlalamikaji kwenda Dawati la Jinsia la polisi, kwa wakili au kwenye chama chake.

Baada ya uamuzi

Kila upande upewe uamuzi kwa maandishi pamoja na sababu zake. Aliyesafishwa arudishwe kwenye nafasi yake ile ile, na wale waliotangaziwa kusimamishwa kwake watangaziwe pia kurejea kwake. Mlalamikaji ambaye tuhuma yake haikuthibitika aangaliwe kwa miezi inayofuata: zamu zake, likizo zake na tathmini yake ya utendaji, kwa sababu kisasi hupenda kujificha humo.

Asiyeridhika katika sekta binafsi aelezwe kwamba anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kwamba siku zinahesabiwa: siku 30 tangu kuachishwa kazi kama anapinga uhalali wa kuachishwa, na siku 60 kwa migogoro mingine. Aliyechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kutoa sababu za msingi. Mtumishi wa umma huanzia kwenye njia za rufaa za utumishi wake, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma, na asipoteze siku zake kwa kwenda moja kwa moja CMA.