Namna ya Kujiandaa kwa Mtihani wa Kupangiwa Masomo katika Chuo cha Jamii cha Marekani, Ukiwa Bado Arusha au Moshi

Kijana wa Arusha au Moshi anayepokea barua ya kukubaliwa katika chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) nchini Marekani huelekeza nguvu zake zote kwenye fomu ya I-20 inayotolewa na chuo kwa ajili ya kuombea viza, miadi ya viza jijini Dar es Salaam na fedha za nauli. Katikati ya shughuli hizo ni rahisi kupita juu juu sentensi moja iliyomo katika barua, inayosema kwamba kabla ya kuandikishwa madarasani atapimwa kiwango chake cha Kiingereza na hisabati. Sentensi hiyo inastahili kusomwa mara mbili, tena pamoja na mzazi au mlezi atakayelipa ada.

Mtihani huo hauamui kama utapata nafasi chuoni, kwa sababu nafasi umeshaipata, na wala hauna kufaulu wala kufeli. Kazi yake ni kuamua utaanzia darasa lipi. Mwanafunzi anayepata alama za chini huelekezwa katika kozi za maandalizi, ambazo hulipiwa kama kozi nyingine lakini kwa kawaida hazihesabiwi katika shahada ya miaka miwili wala hazihamishiki atakapojiunga na chuo kikuu kuanzia mwaka wa tatu. Kwa mwanafunzi wa kigeni gharama hiyo ni nzito kuliko kwa Mmarekani wa mtaa ule ule, kwa maana vyuo hivi humtoza mgeni ada kubwa kuliko mkazi wa jimbo, na viza ya mwanafunzi, F-1, inamtaka asome masomo kamili, yaani krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 12 au zaidi kila muhula, huku ikimbana sana katika kufanya kazi. Muhula mmoja unaotumika kurudia hesabu za Kidato cha Pili ni fedha ya familia ambayo ingeweza kuokolewa kwa wiki chache za kujisomea nyumbani.

Kwanza ujue ni mtihani gani

Usianze kununua vitabu kabla hujakiuliza chuo chako, kwa barua pepe, kinatumia mtihani upi. Vyuo vingi hutumia ACCUPLACER, unaotolewa na College Board, shirika la mitihani la Marekani. Vingine hupima hisabati kwa mtihani wa kompyuta uitwao ALEKS. Vyuo vya umma vya Texas hutumia mtihani wa jimbo hilo uitwao TSIA2, ulioanza kutumika mwaka 2021. California imekwenda njia tofauti kabisa: kutokana na sheria ya AB 705 iliyopitishwa mwaka 2017, vyuo vya jamii vya jimbo hilo hutegemea zaidi rekodi za sekondari katika kupanga wanafunzi, na mtu asiye na rekodi za Kimarekani huweza kuongozwa kujipima mwenyewe kwa kujibu maswali kuhusu alichosoma. Anayekwenda huko hana sababu ya kukesha na maswali ya ACCUPLACER, bali ahakikishe vyeti vyake vya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) na nakala za matokeo yake zimefika chuoni na zimeeleweka. Jihadhari pia na vitabu vya mitumba vinavyotaja mtihani wa COMPASS, kwa kuwa mtihani huo uliondolewa mwaka 2016.

Katika barua pepe hiyo hiyo uliza mambo mengine manne. Je, matokeo ya Kidato cha Nne au cha Sita, au alama za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zinaweza kukuondolea sehemu fulani ya mtihani? Unaruhusiwa kurudia mara ngapi, na baada ya muda gani? Mtihani hufanyika chuoni baada ya kuwasili, au unaweza kuufanya ukiwa Tanzania? Je, utapimwa kwa mtihani wa kawaida wa Kiingereza au ule wa wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni? Swali la mwisho lina uzito kwetu, kwa sababu mtu aliyesoma sekondari yote kwa Kiingereza anaweza kuwekwa kundi lisilo lake kwa kuwa tu pasipoti yake ni ya Tanzania. Mwenye uoni hafifu au ulemavu mwingine aombe msaada anaouhitaji mapema, akiambatanisha barua ya daktari.

Hisabati: penye faida kubwa zaidi

Ukiwa na muda mchache, upeleke katika hisabati. Aliyesoma tahasusi za sanaa kama HGL au HKL aliagana na hisabati alipomaliza Kidato cha Nne, na kufikia siku ya mtihani inaweza kuwa imepita miaka miwili na zaidi bila kugusa mlinganyo. Hata aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) yumo hatarini kwa namna nyingine: amezoea kuhesabu tofautishi na vekta, kisha anaulizwa sehemu, asilimia na uwiano, mambo aliyoyaacha zamani, naye anapoteza alama kwa haraka na uzembe mdogo mdogo.

ACCUPLACER ina mitihani mitatu ya hisabati, kila mmoja ukiwa na maswali 20 na alama kati ya 200 na 300. Wa kwanza unahusu namba nzima, sehemu, desimali, asilimia na kulinganisha namba. Wa pili unaingia katika uwiano, vipeo, milinganyo ya mstari na grafu zake, uwezekano, wastani na jiometri ya msingi. Wa tatu unafika milinganyo ya kipeo cha pili, logi na trigonometria. Chuo chako kitakuambia utafanya upi, na matokeo ya mmoja yanaweza kukupeleka kwenye mwingine. Huruhusiwi kuingia na kikokotoo chako, ila katika baadhi ya maswali kikokotoo hujitokeza kwenye skrini. Kwa hiyo jizoeze kuzidisha na kugawanya kwa kalamu na karatasi mpaka mkono urudie wepesi wake.

Maswali yenyewe yamejengwa juu ya maisha ya Marekani, na hapo ndipo mwanafunzi mzuri kutoka Machame au Usa River anapoweza kukwama bila kosa lake. Futi moja ni inchi 12, yadi ni futi 3, pauni ni aunsi 16, maili ni takriban kilomita 1.6, na galoni yao ni kama lita 3.8. Sarafu zao huitwa kwa majina: quarter ni senti 25, dime ni senti 10, nickel ni senti 5. Bei iliyoandikwa dukani kwa kawaida haina kodi ya mauzo ndani yake. Kodi huongezwa wakati wa kulipa. Swali likisema koti la dola 80 lina punguzo la asilimia 15, kisha kodi ni asilimia 5, unatakiwa kupata kwanza dola 68, halafu uongeze kodi ya dola 3.40, jumla iwe dola 71.40. Mtu aliyezoea bei ya mwisho kuandikwa kwenye bidhaa anaweza kuruka hatua ya pili. Vilevile mlinganyo wa mstari tuliofundishwa kama y = mx + c wao huuandika y = mx + b, na kanuni ya mpangilio wa matendo tunayoiita BODMAS wao huiita PEMDAS. Hisabati ni ile ile, lakini kuyajua haya mapema kunaondoa mshtuko.

Njia ninayoipendekeza ni hii. Anza kwa kufanya seti moja ya maswali ya mfano, ambayo College Board huyatoa bure mtandaoni, bila kusoma chochote kabla. Sahihisha, kisha yapange makosa yako kwa mada, siyo kwa idadi. Ukiona makosa mengi yako katika sehemu na asilimia, kaa hapo hapo wiki nzima, hata kama inakuuma kurudi kwenye mambo ya shule ya msingi. Tovuti ya Khan Academy ina masomo ya bure ya mada zote hizi. Kwa kuwa bando ni gharama na umeme hukatika, pakua maswali na uyachapishe steshenari, kisha ukasomee maktaba ya mkoa, Arusha au Moshi, mahali penye utulivu kuliko sebule yenye wageni. Weka daftari moja la makosa tu: andika swali, andika ulivyofikiri, andika njia sahihi, na ulifanye tena baada ya siku tatu bila kutazama. Saa moja na nusu kila siku kwa wiki sita hadi nane inamtosha mtu mwenye msingi wa wastani.

Anayefanya ALEKS ajue kwamba huko mara nyingi hakuna majibu ya kuchagua. Unaandika jibu lako mwenyewe. Maswali hayazidi 30 na alama ni kati ya 0 na 100. Kuna kitufe cha kusema hujui, na ni bora kukitumia kwa uaminifu kuliko kubahatisha, kwa sababu baada ya mtihani wa kwanza mfumo hukupa mazoezi ya kile hasa kilichokushinda kabla ya kurudia.

Tabia ya chumba cha mtihani inayopaswa kuachwa

Tangu darasa la saba tumefundishwa kusoma karatasi nzima, kuanza na maswali tunayoyaweza, kisha kurudi kwenye magumu. Ushauri huo ni sahihi kwa mitihani ya NECTA, lakini katika ACCUPLACER hautumiki hata kidogo. Kompyuta hukupa swali moja. Huwezi kuliruka, na ukishalithibitisha huwezi kulirudia. Ukijibu vizuri, linalofuata huwa gumu zaidi. Ukikosea, huwa rahisi zaidi. Maana yake ni kwamba kuona maswali yanazidi kuwa magumu mara nyingi ni dalili njema, na mtu asiyejua hilo huvunjika moyo katikati na kuanza kubahatisha wakati ambapo alikuwa anafanya vizuri.

Maana yake ya pili ni kwamba haraka haina faida. Maswali ya kuchagua ya ACCUPLACER hayana ukomo wa muda, na kwa hiyo anayemaliza kwanza hapati chochote zaidi ya wengine. Jizoeze nyumbani kwa kufunika maswali mengine na kujibu moja moja, ukihakiki kila jibu kabla ya kusonga mbele.

Kusoma na kuandika Kiingereza

Mtihani wa kusoma hauulizi tu habari inasema nini, bali pia mwandishi anakusudia nini na neno fulani lina maana gani katika muktadha huo. Kila siku soma tahariri moja ya The Citizen au Daily News, na uandike kwa sentensi mbili hoja ya mwandishi na ushahidi alioutumia. Mtihani wa kuandika wa maswali ya kuchagua hukupa rasimu yenye kasoro na kukutaka uirekebishe. Hapo sarufi ya sekondari itakusaidia sana.

Insha ndiyo inayohitaji mazoezi. Ile ya ACCUPLACER hutakiwa kuwa na maneno kati ya 300 na 600, na hupewa alama 1 hadi 8. Waliosoma GS (General Studies) wamezoea insha inayoorodhesha hoja sita, kila moja ikielezwa kwa mistari michache. Huku kinachotafutwa ni msimamo mmoja ulio wazi, unaotetewa kwa hoja mbili au tatu zilizochimbwa kwa mifano, pamoja na kuitambua hoja ya upande wa pili. Iandike kwa kompyuta, siyo kwa simu wala kwa mkono, kwa sababu anayetafuta herufi kwenye kibodi hupoteza mawazo njiani.

Ukifanyia mtihani nyumbani, au ukiufanyia chuoni

Chuo kikikuruhusu kufanya ukiwa Tanzania, utasimamiwa kupitia kamera, katika chumba kisicho na mtu mwingine. Hakikisha majina uliyojiandikisha nayo yanalingana na ya pasipoti, jina la ukoo likiwa mahali pake, kwani tofauti kati ya majina matatu ya cheti na ya pasipoti inaweza kukuzuia kuanza. Kokotoa saa kwa makini. Saa nne asubuhi New York ni saa kumi na mbili jioni kwetu wakati wa majira yao ya baridi, na saa kumi na moja jioni kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. Saa nne asubuhi ya California inaangukia usiku wetu. Tafuta mahali penye jenereta na intaneti ya uhakika, na uwe na bando la akiba.

Ukiufanyia chuoni, tumia ruhusa ya kuingia Marekani hadi siku 30 kabla ya masomo kuanza, na usikubali miadi ya siku moja baada ya kushuka kwenye ndege. Safari kutoka uwanja wa ndege wa KIA ni ndefu, na mwili uliobaki saa za Arusha hautatoa uwezo wako wa kweli. Usichelewe mno pia, kwa kuwa kuandikishwa madarasani husubiri matokeo haya, na madarasa ya hisabati ya saa nzuri hujaa mapema.

Usimruhusu mtu yeyote akufanyie mtihani. Mbali na kwamba ni udanganyifu unaoweza kukugharimu nafasi, utajikuta umekaa katika darasa la kalkulasi usilolimudu, na alama mbaya zitakufuata mpaka chuo kikuu utakachotaka kuhamia.

Matokeo yakitoka, chukua nakala yake uende nayo kwa mshauri wa masomo pamoja na vyeti vyako vya Kidato cha Nne na cha Sita. Ukiwa umekosa darasa la krediti kwa alama chache, uliza kuhusu kurudia mtihani, na uliza kama chuo kina mpango wa kumruhusu mwanafunzi asome kozi ya krediti huku akipata kipindi cha ziada cha msaada katika muhula huo huo. Vyuo vingi sasa vina mpango wa aina hiyo. Uliza hayo kabla ya kulipa ada, maana baada ya wiki za kwanza kubadilisha darasa huwa kugumu.