Kumwachia dada wa usafi ufunguo wa nyumba

Ukitoka Uyole alfajiri kwenda kazini mjini Mbeya, na dada wa kutwa anafika saa tatu kufua na kudeki, lazima awe na ufunguo. Kabla ya kumpa, mfahamu. Mwombe barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakoishi na uandike namba yake ya NIDA. Kitambulisho chenyewe mrudishie, si haki kukishikilia. Kisha mpigie mwajiri wake wa mwisho. Ukimuuliza kama dada ni mwaminifu atakujibu ndiyo tu, kwa hiyo uliza hivi: alikuwa na ufunguo? Siku anaacha kazi aliurudisha? Mwezi wa kwanza aje siku ambazo upo nyumbani.

Mpe ufunguo wa mlango mmoja, wa jikoni unatosha. Chumba chenye hati ya kiwanja, vyeti na fedha kifungwe, kisafishwe ukiwepo. Hapo naye umemlinda, maana kikipungua kitu humo hakuna wa kumnyooshea kidole. Ufunguo usiwe na kibandiko chenye jina wala namba ya nyumba.

Usimfungie ndani kwa kufuli la grili hata siku moja. Moto ukizuka hana pa kutokea. Na baridi ya Juni hadi Agosti huwafanya watu waingize jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Gesi yake haina harufu, nayo inaua. Mwambie mapema jiko libaki nje.

Kumtega kwa noti mezani ni kumdhalilisha. Kitu kikipotea, tafuta kwanza, halafu muulize mkiwa wawili tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kukata mshahara kwa hisia.

Akiacha kazi, kurudishiwa ufunguo hakutoshi, kwa kuwa fundi wa funguo hutoa nakala kwa dakika chache. Kama kitasa ni cha silinda, yaani kile kipande kinachotoka ambamo ufunguo huingia, badili silinda peke yake. Fungua mlango, toa skrubu ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, usawa wa silinda. Chomeka ufunguo, uzungushe kidogo sana huku unavuta, mpaka ulimi wa silinda, kile kijino cha katikati kinachozunguka na ufunguo, ulale sawa na mwili wake, itatoka. Wengi hukwama hapa kwa kuvuta kwa nguvu bila kuzungusha.

Nenda nayo dukani. Pima urefu wote, kisha kutoka tundu la skrubu hadi kila ncha, kwani pande mbili hazilingani nyakati zote. Mpya isijitokeze nje ya bamba la kitasa zaidi ya milimita 3. Ikizidi, mwizi huikamata kwa koleo na kuivunja. Kitasa cha zamani, chenye ufunguo mrefu wa meno upande mmoja, hakina silinda, hivyo kinabadilishwa kizima.