Kufundisha "Mungu kweli na mtu kweli" kwenye darasa la kipaimara

Somo hili liko kwenye kifungu cha pili cha Imani ya Mitume. Usilibane kwenye nusu saa. Lipe dakika 90, au ligawe Jumamosi mbili, maana kijana akitoka darasani akidhani Yesu ni nusu Mungu nusu mtu, masomo ya msalaba na ya Chakula cha Bwana yatapinda yote.

Anzeni na Marko 4:35-41, isomwe kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza vijana wausikilize mwili wa Yesu: amelala nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto, maji yanaingia naye hasikii. Wengi wa mjini Moshi hawajawahi kupanda mtumbwi. Akiwapo mwenye ndugu wavuvi kule kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, mpe nafasi aeleze jinsi maji yanavyochafuka. Mara ya pili wasikilize amri: "Nyamaza, utulie." Hapo hapo fungueni Zaburi 107, mstari wa 23 hadi 30. Anayetuliza dhoruba pale ni Bwana Mungu mwenyewe. Swali la wanafunzi, "Ni nani huyu?", liandike ubaoni na uliache bila jibu kwa dakika chache. Ndilo somo lenyewe.

Chini yake ongeza swali la pili: Ni nini? La kwanza lina jibu moja, Mwana wa Mungu. La pili lina mawili, Mungu kweli na mtu kweli. Aliyelala na aliyeukemea upepo ni yule yule. Kwa hiyo usichore safu ya "Yesu Mungu" na safu ya "Yesu mtu" ukaanza kugawa mistari ya Injili huku na huku. Vijana wataondoka na Yesu wawili.

Sasa ndipo ulete mkutano mkuu wa kanisa wa Kalkedoni, mwaka 451: nafsi moja (jibu la "nani"), asili mbili (jibu la "nini"), bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutenganishwa. Haya manne wayakariri. Mfano wa kwamba Yesu ni kama chai ya maziwa unaanguka tayari kwenye la kwanza, kwa sababu vikishachanganyika unapata kitu cha tatu. Ndilo kosa la Eutike, mmoja wa walimu wa kanisa la kale waliopotoka juu ya Kristo; hawa watatu wanaofuata nao ni wa kundi hilo. Nestori alishutumiwa kwa kumgawa Kristo, akahukumiwa kwenye mkutano mkuu wa Efeso mwaka 431. Ario, aliyekataliwa kwenye mkutano mkuu wa Nikea mwaka 325, alimfanya Mwana kuwa kiumbe. Apolinari alimnyima Yesu akili ya kibinadamu, na hili ndilo la kuchunga zaidi, kwani hujificha: kijana anakubali mwili, njaa na machozi, ila anadhani Yesu hakuwahi kujifunza kitu. Msomee Luka 2:52, kwamba alizidi kuendelea katika hekima.

Swali la "kama ni Mungu, alikuwa akimwomba nani?" litakuja, pengine kutoka kwa rafiki Mwislamu shuleni. Lijibiwe kwa heshima. Alimwomba Baba, na Mwana si Baba. Akiwa mtu kweli, aliomba kama mtu aombavyo, hata kwa jasho pale Gethsemane: "si mapenzi yangu, bali yako" (Luka 22:42). Usiseme ubinadamu wake uliuomba uungu wake. Asili haiombi, anayeomba ni nafsi.

Na je, Mungu alikufa? Uungu haufi. Lakini aliyekufa msalabani ni Mwana wa Mungu, katika ubinadamu wake, na ndiyo maana Paulo anaandika kwamba walimsulubisha Bwana wa utukufu (1 Wakorintho 2:8). Ukijibu kwamba alikufa mtu tu, umeufanya wokovu wetu kuwa kazi ya mtu mwema mmoja.

Mwisho, kila mmoja asome maelezo ya Luther ya kifungu hiki katika Katekisimu Ndogo, afunge kitabu, aandike sentensi mbili kwa maneno yake. Penye "nusu", "alijifanya" au "alionekana kama mtu", mrudishie daftari aandike upya kabla hamjaingia kifungu cha tatu.