SOMO: Ngazi ya kupandia botini kutoka majini, kuichagua na kuifunga

Swali la ngazi ipi ununue na uifungeje nimelijibu mara nyingi mno, kila mara upya. Leo nimeandika yote mahali pamoja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa. Nazungumzia boti ndogo za fiberglasi zenye injini ya kuning'inia nyuma, kama zile zinazolala Entebbe, Ggaba na Munyonyo, Ziwa Victoria, Uganda.

Kwanza tuelewane: ngazi si pambo la kuwafurahisha wageni wanaotaka kuogelea. Mtu aliyelowa, mwenye nguo nzito na jaketi la kuokolea, hajivuti kupita ubavu wa boti kwa mikono mitupu, hata awe na misuli. Akianguka akiwa peke yake, ngazi ndiyo itakayomrudisha. Kwa hiyo ngazi yoyote ambayo lazima mtu wa ndani aishushe, iache dukani. Aliye majini aifikie na kuivuta mwenyewe.

KUCHAGUA

Kidato cha chini kizame vya kutosha. Kiwango kinachofuatwa Marekani ni inchi 22, yaani sentimita 56 chini ya usawa wa maji, boti ikiwa imetulia. Pungufu ya hapo goti halifiki, miguu inateleza kuingia chini ya boti na mwili unabaki unaning'inia. Ngazi ya vidato viwili haifai. Tafuta ya vitatu au vinne. Vidato viwe bapa na vipana, kwa sababu bomba jembamba linaumiza nyayo tupu. Pawe pia na mahali pa kushika juu, la sivyo mtu anafika kidato cha mwisho na kukosa pa kujivutia.

Ziwa letu ni la maji baridi, yasiyo na chumvi, kwa hiyo stenlesi (chuma kisichoshika kutu) ya daraja la 304 inatosha. 316 ni ya baharini. Ukiipata kwa bei hiyohiyo, chukua. Mafundi wa Katwe, Kampala, wanaweza kukuchomelea nzuri, ila dai wachomelee kwa gesi ya argoni, na nenda na sumaku. Ikinasa kwa nguvu, hiyo si 304.

KUFUNGA

1. Toa boti majini, ikauke.

2. Chagua upande wa nyuma ulio mbali na propela. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha inua injini. Isiguse ngazi popote.

3. Ingiza mkono kwa ndani. Kama hufikii mahali nati zitakapokaa, au kuna tangi, sogeza.

4. Matundu. Hapa soma polepole. Ukuta wa nyuma wa boti nyingi ni tabaka mbili za fiberglasi na katikati yake plaiwudi. Ukitoboa na kupiga bolti tu, maji yanaingia kwenye plaiwudi na kuiozesha kimyakimya. Kwa nje huoni kitu. Nimeona ukuta ambao bisibisi ilizama ndani kama kwenye muhogo uliooza, na ukuta huohuo ndio uliokuwa umebeba injini.

Basi fanya hivi. Kwa bolti ya milimita 8, toboa tundu la milimita 14. Anza drili ikizunguka kinyumenyume hadi rangi ya juu ikatike, ndipo uizungushe mbele. Vinginevyo rangi inapasuka nyufa. Ziba upande mmoja kwa utepe, jaza epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) iliyokolezwa kwa unga wake, acha hadi kesho. Changanya kidogokidogo na kivulini, maana juani inachemka na kuganda mkononi. Kesho yake toboa tena katikati kwa biti ya milimita 8. Sasa bolti inapita ndani ya epoksi, plaiwudi haioni maji kamwe.

5. Kwa ndani weka bamba la kusambaza uzito. Paka gundi ya poliyurethani ya boti, SI silikoni ya madirisha. Mmoja ashike kichwa cha bolti kisizunguke, mwingine akaze nati. Ikaze hadi gundi itokeze kidogo, umalizie kesho yake.

6. Jaribu ukiwa majini na jaketi mwilini, karibu na gati, mwenzako akiangalia.

MASWALI

Boti_Ggaba: Naweza kutumia skrubu badala ya bolti?
Hapana.

KijanaPortBell: Sijasoma yote, lakini silikoni si inazuia maji?
Soma hatua ya 5. Haishiki vizuri, na pale ilipopakwa gundi nyingine haitashika tena.

MzeeInjini: Yangu ina skrubu miaka yote na haijang'oka. Unatisha watu.
Sijasema itang'oka leo, mzee wangu. Nimesema mbao zinaoza. Fungua skrubu moja uitazame: ikitoka na unga wa kahawia uliolowa, tutazungumza. Ikitoka kavu, nitafurahi kwa dhati.

Nakato_Kalangala: Boti yetu ni ya mbao tupu. Hatua ya 4 inabadilikaje?
Swali zuri, nnyabo. Hakuna tabaka, lakini nyuzi za mbao bado zinanyonya maji kwenye tundu, kwa hiyo epoksi ndani ya tundu inasaidia vilevile. Kwa ndani weka kipande cha mvule kipana kuliko ngazi, kishike mbao zaidi ya moja. Usitoboe kwenye maungio. Ukipata nafasi tuma picha ya nyuma ya boti, nitakuonyesha pa kuweka.

Boti_Ggaba: Na kichocho? Wateja wangu wanauliza kabla ya kuruka.
Konokono wanaokibeba hupenda kingo zenye majani na maji yaliyotulia. Simama mbali na ufuko, hatari inapungua ingawa haiishi. Kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Waambie wakapimwe wiki 6 hadi 8 baada ya kuogelea. Dawa yake, prazikuanteli, inajulikana.

Nakato_Kalangala: Huku gugu maji linanasa kwenye vidato.
Pandisha ngazi kabla ya kuwasha injini, kila safari. Na mtu akiwa kwenye ngazi, injini izimwe kabisa na ufunguo utolewe. Gia ya katikati haitoshi, propela iko hatua moja kutoka miguuni pake. Kamba ya kushushia ngazi ining'inie hadi karibu na maji, na ifungwe fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja wa mkono uliolowa.