Ramani za mahandaki: jinsi ya kupata alipoangukia mzee wako na kuomba kaburi lake lipewe jina

Mwongozo huu unawahusu waliokufa Ufaransa na Ubelgiji, 1914 hadi 1918, wakipigana upande wa Uingereza na makoloni yake. Kama umeoa au kuolewa kwenye familia ya Kiingereza au Kikanada, huenda umeshaiona ile picha ya kijana mwenye sare, na ukauliza alizikwa wapi usijibiwe. Wa Afrika Mashariki nitawagusa mwishoni, maana njia yao ni nyingine.

Usianze na ramani. Anza na jina, kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ambako kutafuta ni bure. Nakili namba yake ya jeshi, batalioni, tarehe ya kufa na mahali anapokumbukwa. Akiwa na kaburi, zitazame nyaraka zilizoambatishwa chini ya ukurasa wake. Unayoitaka ni ripoti ya kuhamisha makaburi. Baada ya vita maiti zilifukuliwa mashambani zikakusanywa sehemu moja, na mara nyingi waliofanya kazi hiyo waliandika kila moja ilikutwa wapi, kwa namba za ramani. Lakini jina lake likiwa kwenye ukuta wa kumbukumbu wa Menin Gate, Ubelgiji (majina zaidi ya 54,000) au wa Thiepval, Ufaransa (zaidi ya 72,000), ujue hana kaburi linalojulikana, na itabidi upitie shajara ya vita ya batalioni yake, yaani daftari la matukio yake ya kila siku.

Shajara hizo ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, kwenye mfululizo wa WO 95, na nyingi unaweza kuzipakua. Askari wa kawaida hatajwi kwa jina mara nyingi, maofisa ndio hutajwa. Hilo lisikuvunje moyo, kwa sababu unachotafuta ni batalioni ilikuwa wapi siku ile. Tarehe nayo iangalie kwa jicho kali: aliyepotea mara nyingi huandikiwa siku ya shambulio, au siku walipoitwa majina asiitike. Jalada lake binafsi litafute, ila usilitegemee. Zaidi ya nusu ya majalada ya askari wa Uingereza yaliungua Septemba 1940, ghala lilipopigwa mabomu ya Wajerumani. Mwenye mzee wa Kanada ana bahati, majalada yao yamewekwa yote mtandaoni bure.

Sasa namba za ramani. Tuseme umekuta 36C.H.25.c.6.8. Mwanzo wake, 36C, ni karatasi ya ramani, hii ikiwa ya pande za Loos na Lens, Ufaransa. Kila karatasi ina miraba mikubwa 24, A hadi X, na H ni mmojawapo. Ndani ya kila mraba mkubwa kuna miraba midogo 30 au 36, kila mmoja yadi 1,000 kwa 1,000, ikihesabiwa kutoka kushoto juu, sita kila mstari. Mraba wa 25 umegawanywa robo nne: a na b juu, c na d chini. Ukiwa ndani ya robo c, simama kona ya chini kushoto, hesabu sehemu sita za kumi kwenda mashariki, kisha nane kwenda kaskazini. Mashariki kwanza, kila mara; ukigeuza unaangukia kwingine kabisa. Kila sehemu ni yadi 50, kama mita 45.

Herufi moja ikikosewa mambo huharibika. John Kipling, mtoto wa mwandishi Rudyard Kipling, alipotea Loos Septemba 1915. Mwaka 1992 Tume iliandika jina lake kwenye kaburi la luteni asiyejulikana wa Irish Guards, kikosi chake. Ubishi ukazuka, kwani ripoti ilisema maiti ilikutwa G.25.c.6.8, mbali na alikopigana. Watafiti waliolitetea kaburi hilo walionyesha kwamba aliyeandika ripoti alikusudia H. Kati ya herufi hizo mbili kuna yadi 6,000.

Ramani zenyewe zipo bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, na unaweza kuzilaza juu ya ramani ya leo ukaona ni shamba gani. Chagua toleo ambalo mahandaki yake yalisahihishwa karibu na tarehe ya kifo. Tarehe hiyo imechapwa kwenye karatasi. Mahandaki ya Wajerumani ni mekundu, ya Waingereza bluu, mpaka 1918 rangi zilipogeuzwa. Usishangae upande wa Waingereza ukiwa mtupu: uliachwa makusudi, ramani isije ikatekwa.

Ukiamini kaburi fulani la "asiyejulikana" ni lake, ndipo unaomba. Andika hoja kwa CWGC ukiambatisha ripoti ya kuhamisha makaburi, shajara, ramani na cheo kilichoandikwa kwenye jiwe. Wengi hukwama hapa: haitoshi kuonyesha kwamba huenda ni yeye. Lazima uorodheshe kila mtu wa cheo kile na kikosi kile aliyepotea eneo lile, na umwondoe mmoja mmoja kwa ushahidi. Tume ikiridhika, hoja hupelekwa kwa mamlaka ya jeshi la nchi yake, kwa Waingereza ni JCCC, kitengo cha Wizara ya Ulinzi, na jibu huchukua muda mrefu. Usiombe kaburi lifukuliwe ili wapime DNA, hawakubali.

Kwa mzee aliyekuwa keya (askari wa King's African Rifles) au mpagazi wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo), ramani hizi hazikusaidii, kwani vita vya huku vilikuwa vya mwendo. Kibaya zaidi, wengi hawakuandikwa popote. Ripoti ya Tume ya 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam ina maneno ya Rudyard Kipling yuleyule, kwamba watoto wako watalikumbuka jina lako. Hata hivyo unaweza kuomba aongezwe, akiwa alifariki kwa sababu ya utumishi kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921. Peleka jina lake na la baba yake, kijiji, kikosi na karatasi yoyote iliyobaki. Kama nyumbani kuna medali, itazame ukingoni, huenda namba, jina na kikosi vimechongwa hapo. Ipige picha pande zote kabla hujaituma popote.