Stiki za rimoti ya droni zikiwa ngumu, fanya hivi

Wengi wanaoanza kurusha hapa Dodoma droni ikiyumba wanalaumu upepo, na kweli kuanzia mwezi wa sita upepo wetu una vurugu, ila mara nyingi shida iko kwenye rimoti, springi za stiki zimekazwa mno toka kiwandani, kidole kinasukuma kwa kushtuka na droni nayo inashtuka hivyohivyo. Kabla hujanunua rimoti nyingine chukua bisibisi ndogo ya nyota.

Kwanza toa propela zote kwenye droni, halafu toa betri ya rimoti. Usiruke hii hatua, propela inakata kidole kweli.

Pili fungua skrubu za nyuma, utenganishe taratibu maana huwa kuna waya unaounganisha nusu mbili. Fanyia ndani sio barazani, vumbi la huku linapenya kila mahali na rimoti nyingi za bei rahisi zina potenshomita kama ile ya volyumu ya redio, ikiingia vumbi droni inatetemeka hata hujagusa kitu. Zenye sensa za sumaku zinavumilia zaidi. Vumbi lililoshaingia litoe kwa brashi kavu.

Tatu ndio yenyewe. Tafuta vile viskrubu vinavyovuta springi, legeza nusu mzunguko tu, sukuma stiki uiachie, ikirudi katikati yenyewe bila kusita legeza kidogo tena, ikianza kuzubaa kaza nusu mzunguko usimame hapo. Kulia-kushoto na mbele-nyuma viwe na uzito unaofanana, mkono unahisi haraka sana tofauti hiyo.

Sasa stiki ya kupanda na kushuka. Kama droni yako inajishikilia kimo yenyewe, springi ya hiyo stiki iache kabisa, kwa sababu stiki ikirudi katikati ndio droni inajua isimame hewani, ukiitoa utahangaika. Kama stiki hiyo haina springi kuna kibati kinachoikwaruza, kirekebishe iteleze bila kukwamakwama lakini isidondoke yenyewe.

Kama vichwa vya stiki ni vya kuzungusha virefushe kidogo, stiki ndefu inakupa nafasi ya kusogeza kidogokidogo, hasa kama unashika kwa vidole viwili.

Funga, fanya kalibresheni, yaani ifundishe rimoti upya katikati na mwisho wa kila stiki, halafu kama rimoti ina setingi ya ekspo anza na asilimia 20 mpaka 30. Inapunguza ukali pale katikati tu, ukisukuma mpaka mwisho nguvu ni ileile.

Rudisha propela, kajaribu asubuhi mapema upepo ukiwa umelala, mbali na uwanja wa ndege wa mjini na ule wa Msalato pia, na kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) uwe nacho. Ukiachia stiki halafu droni ikavuta upande mmoja, shusha urudie kalibresheni kwanza, usianze kuikimbiza na trimu, vile vitufe vya kusogeza katikati ya stiki kidogokidogo.