Namna ya kusomesha maisha ya Sheikh Al-Amin

Nimesomesha historia hapa Mombasa miaka mingi, na hakuna somo nilipendalo kama la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa mji huu. Mwalimu mwenzangu, usilianze kwa kuandika ubaoni "1891–1947". Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo. Wanafunzi wakanakili, wakafunga madaftari, basi.

Anza na karatasi. Mgawie kila mmoja karatasi tupu, umwambie: mwaka ni 1930, Mwingereza anatawala, wewe ni mwanachuoni wa Mombasa na una nafasi hii tu ya kusema na watu wa mji wako. Utaandika nini? Wape robo saa, usiwasaidie. Wakishaweka kalamu chini ndipo uwaambie kuwa mwaka huohuo Sheikh alitoa gazeti dogo la Kiswahili, Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili.

Kisha waeleze aliyoyakemea: israfu ya harusi na matanga, na wazazi wanaopuuza elimu ya watoto wao, mabinti wakiwamo. Hapa usikimbie. Mwaka jana msichana wa safu ya nyuma aliinua karatasi yake. Alikuwa ameandika mistari mitatu tu, juu ya dada yake aliyeachishwa shule. Akauliza, "Kumbe Sheikh naye alisema haya?" Darasa zima liligeuka kumtazama, na kipindi kilichobaki nilimwachia yeye.

Tarehe zije baada ya hapo. Alifiwa na baba angali mdogo, akalelewa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki. Wakumbushe kuwa Wamazrui ndio waliokuwa watawala wa Mombasa hadi 1837, la sivyo hawataona uzito wa mtu wa ukoo ule kushika wadhifa chini ya Mwingereza.

Swali gumu nalo uliulize: vipi mtu ahimize elimu ya kisasa na papo hapo awaonye vijana wasiige Uzungu? Fikra za Muhammad Abduh na Rashid Rida, wanachuoni waliohimiza mageuzi katika Uislamu, zilizotoka Cairo, zilimgusa sana Sheikh. Mimi naona hakujipinga hata kidogo, lakini waache wabishane.

Zile karatasi usizitie kalamu nyekundu. Kila mwanafunzi aende nayo nyumbani, amsomee bibi au babu, arudi na jibu alilopewa limeandikwa upande wa pili.